Kuona si Kufika: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Ubishi wa Shabaha za Speli

Usiku mmoja wa Jumamosi, barazani kwa binamu yangu Kibokoni, mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, ule wa hadithi na dadu ambapo kila mmoja huchukua mhusika wake na msimamizi akaongoza hadithi, ulisimama dakika arubaini kwa sababu ya kioo cha dirisha. Nahodha wa maharamia alikuwa amejifungia chumbani mwake chomboni, dirisha kalifunga, na sura yake yaonekana wazi nyuma ya kioo. Mganga wetu, yaani anayecheza cleric, akasema anampiga Sacred Flame, ule mwali wa nuru unaomshukia adui kutoka juu.

"Namuona, yakhe!"

"Kumuona si hoja. Kuna kioo."

"Kitabu chasema nimuone. Nimemuona. Wataka nini tena?"

Kahawa ikapoa ndani ya dele, kashata zikaisha, na mwenzetu wa Likoni akaanza kutazama saa akifikiria feri.

Nimekulia kwenye ubishi wa keram na dhumna. Najua watu wazima wanaweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya malkia aliyeingia bila kufunikwa. Lakini ubishi wa speli una maradhi yake. Wabishi wawili hubishania maswali mawili mbalimbali wakidhani ni moja: huyu anauliza kama anamuona, yule anajibu kama inafika. Baada ya ule usiku nilikaa na vitabu, nikapanga maswali kwa utaratibu, na tangu hapo sisi huyauliza kwa mpangilio huo huo kila speli inapozua zogo. Ndiyo haya.

Neno moja kwanza. Nguvu za miujiza za wahusika, mezani petu twaziita speli, hatusemi uchawi. Mama mwenye nyumba akisikia vijana barazani wakibishana uchawi wa nani umempata nani, kikao kimekwisha.

Kabla ya yote: kitabu kipi kiko mezani?

Mchezo huu ulianza kuchapishwa mwaka 1974. Siku hizi wengi tunacheza toleo la tano, la 2014, na wengine wamehamia marekebisho yake ya 2024. Matoleo haya yanafanana kama ndugu, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu pale yanapotofautiana hutarajii. Mfano ni Fireball, speli ya mpira wa moto unaolipuka. Maandishi ya 2014 yanasema moto wake unazunguka kona, ya 2024 hayana maneno hayo. Wachezaji wawili, kila mmoja na kitabu chake, wanaweza kubishana hadi alfajiri na wote wako sawa.

Basi kubalianeni mapema. Asiyekuwa na pesa za kitabu asione haya. Kanuni za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti kwa leseni ya Creative Commons: SRD 5.1 (SRD ni hati rasmi ya kanuni hizo), yenye kanuni za 2014, ilitolewa kwa leseni hiyo mwaka 2023, na SRD 5.2, ya kanuni za 2024, ikafuata mwaka 2025. Pakua kwenye simu, weka pale inapofunguka hata bando likiisha.

Halafu kuna suala la lugha. Vitabu ni vya Kiingereza, na Kiingereza chake hutumia neno moja kwa mambo mawili: yule uliyemkusudia, na yule ambaye madhara yamemfikia. Kiswahili kinatutoa hapo bila jasho. Kuna aliyelengwa na kuna aliyepatwa. Fireball inalenga nukta hewani, na wanaopatwa ni wote walio ndani ya moto. Ukishayashika maneno haya mawili, nusu ya ubishi umekwisha kabla dadu haijarushwa. Kila ninapofafanua kanuni mezani huyatumia haya, na namuomba kila msimamizi afanye vivyo hivyo.

Swali la kwanza: speli inataka nini?

Soma sentensi yenyewe, kwa sauti, usitegemee kumbukumbu. Speli inaweza kutaka kiumbe, kitu, nukta fulani mahali, au mwenye kuipiga mwenyewe. Fire Bolt inakubali kiumbe au kitu, kwa hiyo waweza kuchoma mlango. Eldritch Blast kwa kanuni za 2014 inataka kiumbe tu, na toleo la 2024 likaongeza vitu.

Wajanja waligundua zamani kwamba tofauti hiyo ina faida. Mko kwenye ghala, mbele yenu kasha la kizamani la misumari ya shaba kama yale ya Lamu. Mnashuku ni mimic, yaani jini linalojigeuza sanduku. Mchezaji anasema: "Nalipiga Eldritch Blast. Ukinikataza, nimejua ni kasha la kweli. Ukiniruhusu, ni mimic." Akili nzuri, lakini msimamizi asiingie mtegoni. Jibu ni: "Piga." Kama ni kasha, speli inatoka na hakuna kinachotokea. Mchezaji anajifunza kwa kujaribu, hajifunzi kwa kumpekua msimamizi. Nitarudi kwenye jambo hili chini.

Na wewe mwenyewe je? Speli ikitaka kiumbe unayemchagua, waweza kujichagua, isipokuwa imesema awe adui au awe mwingine asiyekuwa wewe.

Swali la pili: umbali

Hapa si pa kukaa. Hesabu futi, kila mraba wa ramani ni futi 5, na kwa kanuni ya kawaida hata mraba wa mshazari ni 5. Speli ya kugusa inataka uguse kweli. Kosa la kawaida ni moja: umbali unapimwa hadi pale speli inapotua, haupimwi hadi mwisho wa madhara yake. Fireball inatupwa hadi futi 150 kisha inachanua nusu kipenyo cha futi 20, kwa hiyo aliyesimama futi 170 kutoka kwako bado anaweza kuungua. Asiseme yuko nje.

Swali la tatu: je, kuna njia?

Hapa ndipo penye vita, kwa hiyo tukae kidogo.

Kanuni inasema ili ulenge kitu lazima uwe na njia wazi hadi kwake, kisiwe nyuma ya kinga kamili. Angalia vizuri: kanuni hii haitaji macho hata kidogo. Inauliza kama kuna kizuizi katikati.

Mimi huifafanua kwa Fort Jesus, kwa kuwa kila mtoto wa Mombasa amepelekwa pale na shule. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake ni nene kupita kiasi. Weka askari nyuma ya ukuta ule, mwili umefichika wote: hiyo ni kinga kamili, huwezi kumlenga. Msogeze kwenye tundu la kupigia bunduki, ukaona jicho na bega: hiyo ni kinga ya robo tatu, anaongezewa 5 kwenye namba yake ya ulinzi (ile ambayo dadu ya mshambulizi lazima iifikie) na kwenye dadu ya kujiokoa kwa wepesi (anayoirusha ili aepe madhara). Msimamishe nyuma ya ukuta mfupi wa kifuani, au nyuma ya mwenzake: kinga ya nusu, anaongezewa 2. Ndiyo, hata rafiki yako akisimama katikati ni kinga kwa adui. Watu husahau hilo kila wiki.

Kwenye ramani yenye miraba, mbinu ya kitabu cha msimamizi cha 2014 ni hii. Chagua kona moja ya mraba wa anayepiga. Kutoka hapo vuta mistari minne hadi kona nne za mraba mmoja wa anayelengwa. Mmoja au miwili ikizibwa, kinga ni nusu. Mitatu au minne ikizibwa na bado pana upenyo, ni robo tatu. Upenyo usipokuwepo kabisa, kinga ni kamili. Sisi hutumia uzi mweusi wa cherehani, tunaunyoosha juu ya ramani, na mbele ya uzi hapana mbishi.

Kwa speli za eneo kama Fireball, kinga inapimwa kutoka kitovu cha mlipuko, haipimwi kutoka kwa aliyetupa. Mtu aliyejificha nyuma ya pipa upande wako anaweza kuwa hana kinga yoyote ikiwa moto umelipukia mgongoni kwake.

Sasa kioo. Kioo ni kizuizi. Hakijali kwamba mwanga unapita, kwa sababu kanuni haikuuliza habari za mwanga. Wall of Force ni hivyo hivyo, ukuta usioonekana ambao hakuna kitu kinachopenya, na nyuma yake mtu yuko salama huku anakukonyeza.

Mganga wetu alikuwa na hoja nzito zaidi, na haki yake nimpe. Sacred Flame inasema anayelengwa hapati faida ya kinga kwenye dadu ya kujiokoa. "Basi," akasema, "hata kinga kamili haimfai." Hoja tamu, lakini imeruka hatua. Sentensi ile inahusu dadu ya kujiokoa: inamnyima mtu ile 2 au ile 5. Kinga kamili haifanyi kazi kwenye dadu. Inafanya kazi kabla, inakukataza kulenga. Hujafika kwenye dadu, utaondoaje faida yake? Ni kama kubishania chenji na matatu hujaipanda.

Hata hivyo nakiri kwamba mwali unaoshuka kutoka juu, kwa picha yake, unamfanya mtu aone kioo hakina maana. Kuna meza zinazoruhusu, na hazijavunjika. Mkiruhusu, andikeni, kisha mjue kwamba adui naye ataruhusiwa.

Zipo speli zenye ruhusa yao wenyewe. Message, ile ya kunong'ona mbali, inasema wazi kwamba yaweza kupita vitu vigumu ikiwa unamfahamu mtu na unajua yuko nyuma ya kizuizi. Kanuni mahususi huishinda kanuni ya jumla. Lakini lazima iwe imeandikwa. "Ina mantiki" si maandishi.

Swali la nne: je, ni lazima uone?

Baadhi ya speli zina maneno "unayemuona", nyingine hazina. Yatafute. Yakiwepo, macho yanakuwa sharti la ziada juu ya njia, hayawi badala ya njia.

Stima ikipotea Mji wa Kale usiku, vichochoro vinakuwa giza totoro. Mwenzako yuko hatua tatu mbele, hakuna ukuta kati yenu, lakini humuoni. Hapo njia ipo, macho hayapo. Hold Person, inayomgandisha mtu, haifanyi kazi kwa sababu inataka umuone. Healing Word ya kumtibu vilevile haifanyi. Magic Missile pia inataka uwaone unaowarushia. Lakini Fireball itatupwa gizani bila shida, kwa kuwa inataka nukta tu.

Sasa geuza: kioo cha dukani mchana. Macho yapo, njia haipo. Speli ya kumlenga mtu wa ndani inakwama. Ila Misty Step inapita! Speli hii ya kutoweka na kuibuka futi 30 mbele inakulenga wewe mwenyewe, na kutoka kwako hadi kwako hakuna kizuizi. Inachotaka ni uone pale pa kuibukia na pawe patupu. Kwa hiyo mchawi anaweza kuingia dukani bila kuvunja kioo, ilhali mwali wa mganga ukabaki nje. Wachezaji wapya huona ni uonevu. Nikiwaonyesha nani amelengwa, wanatulia.

Na ukitupa speli ya eneo mahali usipopaona huku kuna ukuta katikati? Inatua upande wako wa ukuta. Mchawi wetu alitaka kulipua chumba cha jirani bila kuchungulia. Fireball ikachanua ukutani, futi 10 kutoka puani kwake. Ukungu haufanyi hivyo, kwa sababu ukungu unaziba macho tu. Hauzuii kitu kupita.

Swali la tano: nani yumo ndani?

Kwenye miraba, kitovu cha speli ya duara huwekwa kwenye makutano ya mistari, hakiwekwi katikati ya mraba, na mraba unahesabiwa kuwa ndani ikiwa angalau nusu yake imefunikwa. Fireball ni miraba 4 kutoka kitovu. Sisi tulikata kigae cha plastiki cha kifuniko cha ndoo kikawa duara la miraba 8 kwa upana, tukakitoboa katikati. Nakwambia, kile kifuniko kimesuluhisha mengi kuliko mimi.

Mkicheza bila ramani, kwa maneno tu, kitabu cha msimamizi cha 2014 kinatoa hesabu ya makisio. Duara: gawa nusu kipenyo kwa 5, kwa hiyo Fireball inapata watu 4. Umbo la pia: gawa urefu kwa 10, ukijaza juu, kwa hiyo Burning Hands ya futi 15 inapata 2. Mstari: gawa kwa 30, na Lightning Bolt ya futi 100 inapata 4. Msimamizi anaongeza au kupunguza kulingana na msongamano. Maharamia waliobanana kama abiria wa feri saa kumi na moja jioni hawawezi kuwa wanne tu.

Kwa kanuni ya jumla madhara yanakwenda kwa mistari iliyonyooka kutoka kitovu, na aliye nyuma ya kizuizi kamili hayamfikii. Ndiyo maana suala la Fireball kuzunguka kona lina uzito kwenye ramani ya vichochoro: kwa 2014, aliyejibanza kwenye tundu la mlango anaungua, kwa 2024 amepona.

Marafiki walio ndani wanaungua pia. Hakuna cha "nilikuwa sijawakusudia".

Swali la sita: shabaha isiyofaa

Umempiga Hold Person mtu aliyevaa kanzu nzuri, kumbe ni vampire. Speli inataka binadamu na jamii zake, vampire ni maiti aliye hai. Kitabu cha nyongeza cha 2017, Xanathar's Guide to Everything, kilitoa jibu, na kanuni za 2024 zimelichukua: hakuna kinachomtokea, na nafasi ya speli uliyotumia, mojawapo ya zile chache unazopewa kabla ya kupumzika, imekwenda. Zaidi ya hapo, kwa maelezo ya 2017, speli ambayo haimfanyi kitu aliyefaulu kujiokoa inaonekana tu kana kwamba mtu kaokoka. Mchezaji hajui kama kashindwa kwa bahati au kwa sababu ya siri.

Wapo wanaoona kupoteza nafasi ya speli namna hii ni dhuluma. Mimi naipenda kanuni hii, kwa sababu inamlinda msimamizi asilazimike kusema uongo wala kutoa siri. Ila isitumiwe kuadhibu kutokuelewana. Mchezaji akichagua shabaha isiyofaa kwa kuwa msimamizi alieleza chumba vibaya, arudishiwe zamu yake.

Jinsi ya kubishana bila kuharibu kikao

Mchezaji atamke mambo matatu kabla dadu haijaguswa: speli gani, imelenga nani au wapi, na yeye amesimama wapi. Asiyetamka hajapiga.

Zogo likizuka, weka saa ya simu dakika mbili. Kila upande unasoma sentensi moja kutoka kitabuni. Hadithi haihesabiwi, wala "kwenye video moja walisema". Msimamizi anapitia maswali sita kwa mpangilio, na pale jibu la "hapana" linapotokea ndipo anaposimama. Saa ikilia anaamua. Akiwa na shaka ya kweli na roho ya mhusika iko hatarini, ampe mchezaji. Uamuzi unaandikwa kwenye daftari ukurasa wa nyuma, na unawahusu maadui pia. Anayetaka rufaa aipeleke kwenye kundi la WhatsApp katikati ya wiki. Wengi hawaipeleki, kwa sababu hadi Jumatatu hasira zimepoa.

Wakati mwingine jibu la "hapana" linafungua mchezo kuliko "ndiyo". Ule usiku wa nahodha, baada ya kukubaliana kwamba kioo ni kizuizi, mpiganaji wetu, ambaye muda wote alikuwa akila mahamri bila kusema neno, akauliza kioo chenyewe kina ulinzi gani. Kitabu cha 2014 kinakipa kioo namba 13, na kitu kidogo dhaifu kina uhai wa 3 hivi. Akarusha shoka lake dogo, akapata 15, kioo kikamwagika sakafuni. Njia ikawa wazi. Mganga akasimama wima barazani, akanyoosha mkono, akaita mwali wake kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi Fort Jesus.

Nahodha alirusha dadu ya kujiokoa, akapata 18. Hakuungua hata ndevu.

Mwenzetu wa Likoni alikuwa keshavaa viatu.